Anti, sai alizonitengenezea baba zinanizidi mkono

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usiliweke, mzee wangu hasomi mambo ya mtandaoni ila majirani wanasoma na mtaa wetu hauna siri.

Mi ni binti wa miaka 27, nafanya kazi duka la dawa, jioni nafanya karate, huu mwaka wa sita sasa. Baba ni fundi wa kuchomelea, amestaafu kwa maana ya kwamba mwili ndo umemstaafisha, ana miaka 71, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho na mikono imeanza kutetemeka. Alikuwa na karakana mtaa wa Gerezani, Dar, miaka mingi sana, mageti na madirisha ya nusu ya mtaa wetu ni kazi yake. Nilipoanza karate hakutaka kabisa. Alisema ni uhuni, mtoto wa kike kurushiana mateke na wanaume, nani atakuoa. Hatukugombana kwa kelele ila tulikaa karibu miaka mitatu salamu tu, shikamoo marahaba basi, akinitaka kitu anamtuma mama.

Sasa mwaka jana sensei wetu (mwalimu) akaanza kutufundisha kobudo, yani zile silaha za jadi za Okinawa kule Japani, bo (fimbo ndefu), tonfa (rungu lenye mshiko wa pembeni), sai. Mi nikazipenda sai (kwa ambao hawajaziona, ni fimbo fupi ya chuma yenye pembe mbili pale mshiko unapoanzia, unashika moja kila mkono). Dojo letu (ukumbi wa mazoezi) lina jozi mbili tu, tunaazimana watu kumi na nne. Mdogo wangu akamwonyesha mzee picha kwenye simu, nadhani kwa kumchokoza tu, mzee hakusema kitu. Wiki tatu baadae narudi kazini nakuta mfuko wa saruji umekunjwa vizuri juu ya kitanda changu, nafungua, sai mbili. Anti nililia. Amechukua nondo ya milimita 16 akaisaga zile mbavu zake kwa grainda mpaka ikawa laini, pembe ni nondo ya milimita 10, nati kubwa kaichomelea mwishoni kama kichwa, mshiko kauviringia kamba, afu zote kazipaka rangi nyeusi. Kwa lile jicho na ile mikono! Akasema neno moja tu, "hizo huwezi kuzivunja". Toka siku hiyo tunaongea. Ananiuliza mazoezi yakoje. Juzi nikamwambia nina mtihani wa mkanda na itabidi nionyeshe kata (ule mpangilio wa mapigo unaoufanya peke yako), akaniuliza kata gani, ya Magomeni au ya Mchikichini? Tukacheka wote wawili, Anti sikumbuki mara ya mwisho tumecheka pamoja.

Shida ni kwamba hazinitoshi. Mi mfupi, sentimita 154. Nikiishika ikalala kwenye mkono, ncha inapita kiwiko vidole vinne, nikiigeuza kwa haraka inanigonga mkono juu ya kiwiko, nina alama nyeusi hadi mama alidhani nimepigwa. Na nzito. Nilizipima kwenye mizani ya duka la jirani, moja ni kilo moja na gramu 150, za dojo ni kama gramu 650. Dakika kumi tu chini ya kidole gumba panawaka moto. Sensei alizishika akazigeuzageuza akasema "kazi nzuri, ila hizi siyo zako", akaniambia nisifanyie mtihani, nitafute za saizi yangu. Kuna mtu anaagiza vitu nje ameniambia laki mbili na nusu mpaka zinifikie.

Basi nimekuwa muongo. Natoka nyumbani na mfuko wa mzee, nikifika dojo naziacha begini nachukua za kuazima. Mzee akiuliza "vyuma vinasemaje?" najibu viko poa baba. Na sasa ameshasema siku ya mtihani anakuja, bado wiki saba, amemtangazia mpaka mzee mwenzake wa msikitini kwamba anaenda kuona vyuma vyake vikifanya kazi. Mdogo wangu anasema ninunue za dukani nizipake rangi ileile, mzee haoni vizuri hatojua. Mama anasema usithubutu kumwambia, utamuua. Sensei sijamwambia kuhusu baba maana naona aibu. Nikisema ukweli naona narudi kwenye ile miaka mitatu. Nisiposema atakaa pale mbele ananitazama nimeshika vyuma vya mtu mwingine. Nifanyeje Anti?

Binti wa Fundi

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisomea kwenye daladala nikapitiliza kituo. Nimeshuka kwa mbele huko nikarudi kwa mguu nikiifikiria.

Ngoja nikurudishie ulichoniambia uone kama nimekupata. Una baba ambaye hamkuongea miaka mitatu, akavunja ukimya kwa njia pekee anayoijua, kwa grainda. Alichokutengenezea kinakuumiza mkono. Ukikitumia unaumia na sensei hataki, usipokitumia unadanganya, na ukisema unaogopa mlango ulofunguka utajifunga. Na katikati hapo kuna siku ya mtihani inayokuja kama mgeni aliyekwisha kata tiketi.

Kabla ya mzee tuanze na hivyo vyuma, maana mi mwenyewe sai nilikuwa sizijui, nikampigia kijana mmoja anayefundisha kobudo na salio langu likaishia kwake. Kanielewesha vizuri. Anasema bo ni kama khanga, ile ya kawaida ni futi sita, shaku sita kwa kipimo cha kijapani, kama sentimita 182, mrefu na mfupi wote mnajifunga hiyohiyo. Ila sai na tonfa ni kama gauni, zinapimwa kwenye mwili. Unashika sai kinyume, chuma kimelala chini ya mkono wako, gumba liko pale pembe zinapokutana na shina, kidole cha shahada kimenyooka juu ya mshiko. Ncha inatakiwa kupita mfupa wa kiwiko kama sentimita 2 mpaka 3. Sababu ipo, kile chuma ndo ngao, mtu akipiga na bo pigo linatua kwenye chuma na siyo kwenye mfupa, kwahiyo ikiwa fupi kiwiko kinabaki uchi, na ikizidi sana ndo hiyo inakupiga mwenyewe ukiigeuza. Afu kuna mshiko: kidole cha shahada kifike kwenye kichwa, kwako wewe hiyo nati, bila kujivuta. Na kuna mizani: ukiilaza juu ya kidole itulie sehemu ya mbele kidogo ya pembe, ikitulia nyuma yake inakuwa nzito mkiani na kila ukiigeuza gumba ndo linalipa.

Kwahiyo gumba lako halidanganyi. Sensei wako naye hakudanganya.

Ila hebu nikuulize, alisema nini hasa? Umeandika alisema "kazi nzuri, ila hizi siyo zako". Mi nimekuwa fundi cherehani miaka ishirini na mbili mwanangu, na hiyo sentensi ukiniambia mimi siisikii kama tusi. Naisikia kama mtu anayejua kazi. Wewe umeibeba nyumbani ikageuka kuwa "vyuma vya baba yako vibaya". Alisema kazi nzuri! Mwalimu ambaye ameshika sai maisha yake yote kashika sai ya nondo ya mzee wa Gerezani akasema kazi nzuri. Hiyo habari mzee ameshaipata? Au nayo umeificha pamoja na ile mbaya?

Na kitu kingine, nani alimpa mzee vipimo? Kwa ulivyoandika hakuna. Alioneshwa picha kwenye simu, na jicho moja. Picha haina sentimita. Alikisia kwa mkono wake, au kwa mkono wa mtu aliyemwona kwenye picha, na wewe hukujua kama anatengeneza. Sasa hapo kosa la nani? Mi silioni. Fundi akikata kitambaa bila kupima mteja, gauni likibana hajashindwa kazi, amekosa mteja wa kusimama mbele yake. Wakati ule baba yako asingeweza kukusimamisha akupime mkono. Mlikuwa hamuongei.

Nitakuambia kitu kilichonikuta. Kuna mteja wangu nilimshonea gauni la harusi ya mdogo wake, akalichukua, akasema zuri anti asante, akalipa. Miaka miwili baadae nikaenda kwake msibani nikalikuta kabatini na lebo yangu, halijawahi kuvaliwa hata siku moja, lilimbana kwapa akaona aibu kuniambia, siku ya harusi akaazima. Nusu saa ya kazi ile, mwanangu, kulifumua na kuongeza kipande. Niliumia kwa lile gauni kuliko kwa wateja wote walionitukana mbele ya mashine. Sasa siwezi kusema mzee wako yuko kama mimi, mafundi tunatofautiana na wanaume wa umri ule wana mambo yao. Ila nyie watatu, wewe na mama na mdogo wako, mmekaa kikao mkaamua mzee huyu hawezi kubeba habari ya sentimita nne. Mtu aliyefunga mageti ya mtaa mzima, unadhani hajawahi kuambiwa na mteja geti limegoma kufunga?

Haya, njia ziko kadhaa na kila moja ina mwiba wake.

Ya mdogo wako, ya kupaka rangi. Nilicheka, afu nikanyamaza. Tuseme imefanikiwa, mzee kaona, kafurahi, karudi nyumbani anasimulia msikitini. Kila akisimulia wewe utatazama chini. Na haoni vizuri lakini mkono wake unaona, siku akizishika tu atajua si chuma chake, kwa uzito peke yake. Mtu hatambui kilo moja imepungua nusu? Sikukatazi, wewe ndo unamjua, ila hiyo siri itabidi uilinde mpaka lini?

Ya kuendelea nazo hivyohivyo kwa ajili ya heshima. Wapo wanaofanya mazoezi na vyuma vizito makusudi ili wapate nguvu, dakika chache taratibu, siyo kata nzima na siyo mkono ukiwa unauma. Lakini hapa kuna jambo ambalo yule kijana alinisisitizia na mi nakusisitizia, ukishaanza kupokea bo la mwenzako kwenye hizo pembe, kila kitu kinakaa kwenye kile kiungo cha kuchomelea. Nondo ya ujenzi mara nyingi si rafiki wa kuchomelea, pembeni ya kiungo pale palipoungua chuma kinaweza kuwa kigumu kikapasuka ghafla, na kipande kikiruka hakichagui jicho. Mzee analijua hili kuliko sisi wote. Anajua pia ule ujanja wa mafuta ya taa na chaki, unapaka mafuta kwenye kiungo, unafuta kabisa, unapaka chaki, kama kuna ufa mafuta yanajitokeza kwenye chaki kama mstari. Hilo la kupima ufa ni swali unaloweza kumpelekea hata leo bila kugusa lile jingine, kama unatafuta pa kuanzia.

Ya kumwomba azirekebishe. Watu wengi wangekuambia hii na mi inanivutia, ila hesabu kwanza. Nondo ya 16 mita moja ni karibu kilo moja na gramu 600. Akikata hizo sentimita nne zinazozidi, umepunguza gramu 60 na kitu hivi. Urefu utakuwa wako, uzito utabaki wa baba, na mbaya zaidi ukikata mbele mizani inarudi nyuma kwenye ile nati. Labda aisage iwe nyembamba kuelekea nchani, sai nzuri ndo zilivyo, au nati aibadilishe iwe ndogo. Au aanze upya na nondo ya 12, ambayo mita haifiki gramu 900, hapo sai nzima inashuka kwenye gramu 700 hivi, kidogo tu juu ya zile za dojo. Lakini nani atashika grainda? Kumrudisha mzee wa miaka 71 mwenye mtoto wa jicho kwenye cheche ili wewe usijisikie vibaya, hilo nalo lipime. Je ana kijana aliyemfundisha kazi pale Gerezani? Mzee akae kwenye kiti atoe amri, kijana ashike chuma. Wengine hilo linawapa raha kuliko kufanya wenyewe na wengine linawakumbusha tu kwamba mikono imekwisha. Sijui wako yupi.

Ya kununua, ni sawa, ila usidhani cha dukani kinakuja na mkono wako. Zinauzwa kwa inchi, kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, na ukiagiza kwa kukisia utalipa laki mbili na nusu upate tatizo lilelile bila baba ndani yake. Jipime kwanza, na ukiweza shika za mtu wa urefu wako.

Na kuna moja ndogo, sijui kama ni wazo au ni mzaha. Zamani, kule Okinawa, sai zilibebwa na askari wa ufalme wa Ryukyu, za kukamatia watu na kutuliza fujo, na wanasema mtu alikuwa na ya tatu amechomeka kwenye mkanda kama akiba. Mpaka leo wapo wanaoichomeka. Muulize sensei kama moja ya baba inaweza kukaa hapo. Ubaya wake ni kwamba mzee anaweza kuona kama amepewa kiti cha jikoni wakati sebule imejaa wageni.

Kuahirisha mtihani nako kupo, mikanda haiozi.

Sasa kuhusu kumwambia. Woga wako nauelewa, miaka mitatu si mchezo. Ila nimeona kitu kwenye barua yako, unasema mlirudi kuongea kwa sababu ya zile sai. Una uhakika? Mtu haokoti nondo akasaga wiki tatu kwa sababu ya picha ya simu. Mi nadhani mzee alikuwa amesharudi kabla, akatafuta tu cha kubeba mkononi asije mikono mitupu. Kama ni hivyo basi sai zikitoka, yeye habebwi nazo. Lakini hapa nakisia, na nikikosea ni wewe utakayekaa naye mezani, siyo mimi, kwahiyo usichukue maneno yangu ukaenda nayo kama cheti.

Ukiamua kusema, kuna namna na namna. "Baba zimenizidi" inamfunga mdomo. Ila ukienda na futi ya tepu mkononi, ukashika sai mbele yake, ukamwonyesha ncha na kiwiko, ukasema "baba sensei anasema kazi nzuri, anasema ncha inatakiwa iishie hapa, hebu nipime", hapo humpi malalamiko, unampa kazi. Anaweza akakaa kimya. Akikaa kimya usijaze ule ukimya kwa maneno ya kujitetea, mwache, siku mbili, tatu. Kimya cha sasa huenda ni cha kufikiri chuma tu. Na kama kweli atanuna, je mna cha kuongea nje ya sai? Umesema anakuuliza mazoezi yakoje. Mmewahi kuongea yeye alijifunzaje kuchomelea, nani alimshika mkono mara ya kwanza?

Mama yako usimpuuze lakini usimwachie usukani. "Utamuua" ni neno la mke aliyebeba ujumbe kati yenu miaka mitatu, amechoka, anaogopa kurudi kwenye kazi ya posta. Mwambie hata kama umeamua kutosema. Sensei naye mwambie, aibu ya nini? Siku ya mtihani akimjua mzee yule aliyekaa mbele ni nani, hata salamu atakayompa itakuwa nyingine. Usipomwambia anaweza kumuuliza kwa nia njema tu, "mzee zile nzito bado mnazo?" na mambo yote yakamwagika ukumbini.

Mwisho hilo gumba. Lipumzishe, na kama linawaka mpaka usiku au linakuuma ukifungua chupa nenda ukamwone daktari. Najua unafanya kazi duka la dawa na kidonge cha maumivu hakiko mbali na mkono, ndo kinachonitisha.

Anti